Kopo la Kobe na Misumari Kumi na Sita

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, toka herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu matano yaliyobaki, na kila mmoja anajua ninavyoyahitaji. Siku nilipoyasimulia dukani niliweka na dau kabisa. Nilisema atakayenikamata na uongo, hata wa saizi ya chawa, nitampa kopo langu la mwisho la Kobe ya zamani, ambalo sijawahi kulifungua. Watu wakasogeza viti. Na wewe sogea.

Kobe ni tumbaku ya kiko. Kopo lake ni la bati, la kijani, lina picha ya kobe anayetazama nyuma kana kwamba ameitwa na mtu anayemdai. Ni tumbaku rahisi, na tangu kiwanda kianze mchanganyiko wake haujabadilishwa. Wenye nafasi zao huvuta zile za makopo ya rangi ya dhahabu, zinazonukia vanila na maua. Kobe inanukia tumbaku. Molasi kidogo, moshi kidogo, basi.

Mkabala na ukuta wa kiwanda kuna duka, na kwenye kaunta ya duka kuna daftari la maoni ya wavutaji. Limefungwa uzi pamoja na kalamu yake, kwa sababu kalamu tatu za mwanzo ziliondoka na wateja. Daftari lilitoka kiwandani, lakini sheria ni ya Mama Duka mwenyewe: huwashi kiko cha pili kabla hujaandika maoni juu ya cha kwanza. Mwisho wa mwezi anakuja Afisa Maoni, mtu nadhifu mwenye mkoba, ananakili yote, anasema, "Yamepokelewa," na kuondoka.

Wavutaji wa kudumu walikuwa watatu: Kinyozi wa mlango wa pili, Mwalimu aliyestaafu, na Fundi Saa. Walikutana saa kumi alasiri, kila mmoja na kiko chake.

Kinyozi aliandika: "Inanukia kama koti la babu yangu lililonyeshewa mvua. Nilimpenda babu yangu."

Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Inauma ulimi mwanzoni, kisha inatulia. Sitini na mbili kwa mia. Ina uwezo wa kufanya vizuri zaidi."

Fundi Saa aliandika: "Inazimika kila baada ya dakika saba. Hii si hitilafu. Inampa mtu nafasi ya kusema jambo."

Chini yake Kinyozi akaongeza: "Wewe hata ikizimika siku nzima huna la kusema."

Ndivyo ilivyokuwa hadi alasiri moja ya Alhamisi, Mama Duka alipofungua katoni mpya, wote watatu wakashindilia viko na kuwasha kwa pamoja.

"Kiko chako kimetoa kiwiko," Mwalimu akamwambia Kinyozi.

Kinyozi akatazama. "Cha kushoto," akasema, akaendelea kuvuta.

Kwenye kiko cha Mwalimu kulikuwa kumetoka kichwa kilichofungwa kitambaa, na mabega mawili. Fundi Saa, ambaye huvuta polepole, alitoa kiuno, kisha sketi, kisha miguu yenye viatu vya plastiki. Vipande vikakutana juu ya kaunta, vikajipanga, vikashuka na kukaa kwenye gunia la sukari. Alikuwa mama wa makamo, wa rangi ya moshi. Hakuna kilichopungua ila mkono wa kulia, ulioishia kwenye kifundo.

"Karibu," Mama Duka akasema. "Gunia hilo lina sisimizi, hamia kwenye kiti."

"Hapa panatosha," mama akajibu. "Nilizoea kusimama."

Walimtambua. Alikuwa Mama Kipimo, mchanganyaji wa Kobe kwa miaka ishirini na sita, aliyekuwa amezikwa miezi miwili nyuma. Jina hilo alilipata kwa mkono wake wa kulia. Kiwanda hakikuwahi kununua mizani ya chumba cha kuchanganyia, kwa sababu konzi moja ya mkono ule, ujazo wa ngumi moja tu, ilikuwa sawasawa kila mara, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Konzi sita za jani jeusi, nne za jani jekundu, moja ya lile la moshi.

Mlango ukafunguka, akaingia binti yake na katoni ya pili kichwani. Yeye ndiye aliyerithi kazi, kwa kuwa konzi yake ni ileile ya mama yake, na kwa sababu hiyohiyo kiwanda kilikataa kumhamishia idara nyingine. Alitua katoni, akateremsha kitambaa alichojifunga puani, akakohoa kwanza, ndipo akaona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Na hicho kikohozi ni cha lini?"

"Cha vumbi tu, mama."

"Hata mimi nilisema cha vumbi tu," Mama Kipimo akasema, na watu wote wakatazama viko vyao.

Basi akaeleza, na alieleza kama mtu anayetoa taarifa ya zamu. Chumba cha kuchanganyia kina dirisha moja, la mbao, linalotazama barabarani. Zamani lilikuwa likifunguliwa, vumbi linatoka, upepo unaingia. Siku moja Meneja alisimama nje akaona wapita njia wanavuta pumzi kwa nguvu na kutabasamu. Akaona kwamba harufu ya kampuni inatoka bure. Akamwita seremala wa kiwanda, na seremala akalipigilia dirisha misumari kumi na sita ya inchi tatu. Vumbi likabaki ndani na Mama Kipimo akabaki nalo miaka mitano. Aliyekufa kazini, kwa kawaida, roho yake hutoka kwa kupitia dirisha. Yeye alipofika dirishani alikuta limepigwa misumari, akageuka, na mahali pekee palipokuwa wazi ni pipa la tumbaku. Akaingia humo. Wakamfungasha kwenye makopo.

"Na mkono?" Fundi Saa akauliza. Kiko chake kilikuwa kimezimika, kwa hiyo alikuwa na nafasi.

"Nilianguka nimekamata konzi ya mwisho. Konzi ile walijazia kopo moja kando, la kumuagia mtumishi fulani aliyekuwa akistaafu wiki hiyo. Sijui aliko."

Kuanzia hapo alikuja kila alasiri. Ilibidi wavutaji watatu wawashe kwa wakati mmoja. Siku Kinyozi alipokuwa na mteja mwenye nywele ngumu, Mama Kipimo alikaa bila mkono wa kushoto pia, akawa anamtuma Mama Duka amkune pua. Siku Mwalimu alipougua walikuwa na mkono wa kushoto, kiuno na miguu tu, wakaona si heshima, wakazima. Alipenda kusomewa daftari. Miaka ishirini na sita alikuwa hajasikia hata neno moja kutoka kwa mtu aliyevuta kazi ya mkono wake.

"Sitini na mbili!" akamwambia Mwalimu. "Na mtihani wenyewe nani aliutunga?"

"Nitaangalia upya, mama," Mwalimu akasema, akafuta, akaandika sabini.

Lakini jambo alilolitaka lilikuwa moja. Kikohozi cha binti yake, kwa miezi michache tu, kilikuwa kimefika mahali alipokuwa yeye mwaka wake wa tatu, na aliijua ratiba ya ile miwili iliyobaki. Alitaka dirisha lifunguliwe. Alitaka kuandika mwenyewe daftarini, kwa mwandiko ambao kiwanda kizima kinaujua, ila hakuwa na mkono wa kuandikia. Wavutaji wakamwandikia. "Fungueni dirisha," aliandika Kinyozi. "Fungueni dirisha," aliandika Mwalimu, akapigia mstari mara mbili. Fundi Saa aliandika: "Dirisha. Saa yoyote."

Binti naye alikuwa ameshaomba kwa njia ya kawaida. Msimamizi alimjibu kwamba madirisha ni kazi ya seremala, na nafasi ya seremala ilifutwa siku yule wa mwisho alipostaafu.

Mwisho wa mwezi Afisa Maoni alikuja. Alimkuta Mama Kipimo kwenye gunia lake, akamwamkia kwa adabu, akanakili.

"Mwanangu, wewe umeelewa tunachosema?" Mama Kipimo akamuuliza.

"Nimeelewa, mama. Wavutaji watatu wanataka hewa."

"Siyo wavutaji. Binti yangu."

"Fomu ina nafasi ya wavutaji tu, mama," akasema, na kwa kweli uso wake ulionyesha huruma. "Yamepokelewa."

Baada ya miezi mitatu kiwanda kilijibu. Kopo jipya la Kobe lilifika, bado la kijani, na juu yake kobe sasa alikuwa amekaa dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, lina pazia linalopepea vizuri sana. Chini pameandikwa: "Sasa yenye hewa zaidi." Mama Duka alifungua moja. Tumbaku iliishia nusu ya kopo na juu yake palikuwa na hewa, kama walivyoahidi.

Dirisha lenyewe, lile la mbao, halikuguswa. Na yule seremala hata kumuuliza haiwezekani, kwa sababu alihamia mbali, kwa wakwe zake, akafia huko. Mungu amrehemu.

Hapo ndipo nilipomalizia habari hii, niliyoiokota kwa wateja wa duka, nikafunga mdomo, nikangoja kusifiwa.

Kinyozi alisema hana pingamizi, kiwiko kilikuwa cha kushoto kweli. Mwalimu alisema habari ya kufuta sitini na mbili ni kweli, ingawa haikupaswa kutangazwa. Mama Kipimo hakuwepo, maana makopo yake yalikuwa yameisha wiki tatu nyuma, na lile jipya lilitoa moshi tu. Nikaona kopo langu limesalimika.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake shingoni. Akaja kaunta, akatoa mfukoni kopo tupu la Kobe, akalimimina. Misumari ikaviringika hadi kwenye daftari. Ya inchi tatu, imepinda, ina kutu.

"Nimeing'oa mmoja mmoja saa za chakula," akasema. "Miezi sita sasa, kwa koleo ya kuazima naificha soksini. Hesabu, babu."

Nikahesabu. "Kumi na miwili."

"Ndiyo iliyokuwepo. Hakuna kichwa kingine kinachoonekana, nimepapasa fremu yote. Na dirisha bado halifunguki, nikawa nadhani ni mbao zimevimba." Akakohoa, akasubiri kiishe. "Mama alisema misumari, hakuwahi kusema mingapi. Wewe umesema kumi na sita. Umeitoa wapi?"

"Hadithi, mjukuu wangu, lazima uitie chumvi..."

"Umeapa kwa meno," Mama Duka akasema.

"Matano," Fundi Saa akasema.

Nikatazama mikono yangu. Ni mikono mizuri, bado imenyooka. Nikasema minne ya chini niliizamisha ndani ya mbao, nikafunika mashimo kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa mpaka hata ukucha hauoni. Nilifanya hivyo isije ikachana nguo ya mtu. Meneja alinisifu. Kwa wakwe sijahamia. Naishi nyuma ya soko, na siku ya kuniaga walinipa kopo.

Hakuna aliyenitukana. Kinyozi alisema tu, "Haya, lipa."

Nikalitoa kopo mfukoni, nikalifungua kwa ukingo wa sarafu. Tumbaku ilikuwa konzi moja kamili, imehifadhi alama za vidole vinne. Wavutaji watatu wakagawana, mimi hawakunibakishia. Wakawasha. Moshi ulipanda kidogo, haukuwa na cha kutengeneza ila kitu kimoja: mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi kucha. Ulielea juu ya kaunta, ukapita mbele ya uso wangu bila haraka, ukashika shavu la binti yake, ukakaa hapo mpaka kiko cha Fundi Saa kilipozimika na kuwashwa tena. Kisha ukachukua kalamu.

Uliandika mstari mmoja: "Mimi sikuwahi kuivuta, lakini harufu yake nilikuwa naipenda. Fungueni dirisha."

Kalamu ikanyooshwa kwangu. Nikaandika chini yake: "Minne ya chini, upana wa kiganja kutoka kila pembe, miwili kushoto, miwili kulia. Mimi ndiye niliyepigilia." Nikatia sahihi. Nikampa binti na koleo yangu mwenyewe, ya kazi, yenye mdomo mwembamba. Akaipima mkononi, akaitia soksini, akajifunga kitambaa puani na kurudi zamu.

Mkono ulikwisha pamoja na tumbaku.

Afisa Maoni alikuja mwisho wa mwezi, akausoma ule mwandiko mara mbili, akatoa leso. Alinakili vyote. "Yamepokelewa," akasema.

Kila Alhamisi sasa naenda dukani kungoja habari. Binti anaingia, anatua katoni, anakohoa, anatikisa kichwa. Anasema ameshapapata mahali pake, upana wa kiganja kutoka pembe kama nilivyoandika, anakwangua kila siku saa ya chakula, na wa kwanza bado haujaonyesha hata kichwa. Nilikuwa seremala mzuri sana.