Ukuta wa Mgeni

Mkandarasi alikuwa akichimba handaki la bomba la majitaka chini ya barabara yetu hapa Garissa, bila kuweka mbao za kuzuia udongo. Mchanga ulimiminika ndani ya handaki, ardhi ya juu ikatitia, na ukuta wa chumba wanacholala wanangu ukapasuka kutoka sakafuni hadi kwenye bati.

Nilimwita msimamizi wa wachimbaji, Nzioka.

"Mama, nyumba ilijengwa vibaya," alisema. "Huo ufa hauna hatari yoyote."

"Walahi, mvua ya El Niño ya mwaka jana haikuutikisa ukuta huu. Umeupasua wewe!"

"Laleni tu bila wasiwasi."

Kwetu mgeni wa heshima huketishwa ukutani, basi nikatandika mkeka penye ufa, nikaweka mto na birika la chai.

"Karibu, injinia. Egemea."

Aliutazama ufa, kisha mlango. "Nitakunywa nikiwa nje."

"Loo! Wewe unaogopa kunywa chai hapa, na wanangu walale? Haya, kaa nje na vijana wako wote, mpaka mbao za handaki zifike!"

Alitoka bila kunitazama, akainama mdomoni mwa handaki, akawaita wachimbaji watoke.