Mnyororo wa Mzee Orville

Theluji ilikuwa imemeza mistari yote ya uwanja, na Brekke, kocha wa wageni, hakumwamini mzee Orville hata chembe. Katika futiboli ya Kimarekani, Minnesota nzima, wenyeji ndio hushika mnyororo wa kupimia yadi kumi za kusogeza mpira, wenye nguzo kila ncha, na Orville alikuwa mwenyeji. Zilibaki sekunde arobaini. Vijana wa Brekke wakiifikia nguzo ya mzee, wanabaki na mpira. Wasipoifikia, msimu umekwisha.

Wakajirusha, wakarundikana. Refa akaita mnyororo.

"Ngoja!" Brekke akafoka. "Huyo babu nimemwona akisogeasogea! Fagieni mstari kwanza, tuone nguzo ilipopaswa kusimama!"

"Fagieni," Orville akajibu. "Nifiche nini mie, ndevu?"

Ufagio ukapita, mstari ukajitokeza. Kweli, nguzo ilikuwa imesogea hatua nzima, lakini ikiwapunguzia wageni safari. Mzee alikuwa akilifuata jiko la moto la benchi lao, mnyororo akiuburuta. Refa akaurudisha mahali pake, akapima. Mpira ulipungukiwa kiganja kimoja kuifikia nguzo.

"Miguu iliganda, kocha," Orville akasema. "Ungeninyamazia tu."

Brekke akamkazia macho, akitafuta kicheko ndani ya zile ndevu zenye barafu. Hata sasa hakumwamini.