Ombi la Kumwombea Danieli

Mimi, Marcelino, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza mjini Mbeya, na Kiingereza changu nilikipenda kuliko nilivyowapenda watu. Niseme hivyo mapema, msije mkanionea huruma.

Mwezi wa pili mwaka 1954, jirani yangu Mama Atuganile alinifuata shuleni. Mwanawe wa pekee, Danieli, alikuwa amempiga mtu rungu wakigombana kilabuni, mtu akafa. Alihukumiwa kunyongwa, na rufani ikakataliwa. Kilichobaki ni kumwomba Gavana ambadilishie adhabu, awe mfungwa wa maisha. Mrisho, karani wa boma, alikuwa amemwambia barua imfikie yeye bomani kabla ya Ijumaa saa sita mchana, iondoke na mfuko wa posta. Ikichelewa hapo, Gavana atakuwa ameshaamua.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Andika tu, mwalimu," akasema. "Wasimuue. Mimi nina huyo huyo. Mrisho anasema hata Kiswahili wanapokea."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! "Mama," nikamwambia, "Gavana haombwi kama muuza ndizi."

Jioni ile niliandika vizuri mpaka nikafika kwenye sentensi ya ombi lenyewe. Kiingereza kina namna yake ya kutumia kitenzi kwa jambo linalotakwa tu na bado halijawa. Wanafunzi wangu waliichukia. Mimi nilijidai nayo, maana hata makarani wengi hawakuijua. Niliandika "that his life be spared", yaani uhai wake unusuriwe. Kisha shaka ikaniingia. Kwa mtu mkubwa kama Gavana, haipasi kutanguliza "may"? Au "should"? Nikaandika hivi, nikaandika vile, nikachana karatasi. Yule mama alikwisha kuyasema yote kwa neno moja, wasimuue, na ile e ya mwisho wa kitenzi ilitosha kabisa. Sikutaka kuona.

Jumanne asubuhi nikapanda basi kwenda Iringa, kumwuliza padri mzee aliyenifundisha katika shule ya misheni ya Tosamaganga. Maili mia mbili kwa ajili ya kitenzi kimoja! Ningeweza kumwachia Mrisho barua kama ilivyokuwa. Wazo hilo lilinijia, nikalifukuza. Jina langu lisomwe Dar es Salaam chini ya kosa? Nikaitia barua mfukoni.

Jumatano padri aliisoma, akavua miwani.

"Ulivyoandika mwanzo ni sawasawa, mwanangu. Umekuja kwa hili tu?"

"Kwa hili tu, padri," nikajibu, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa furaha.

Alhamisi mvua ilinyesha kama imetumwa. Basi letu likazama kwenye tope karibu na Nyololo. Tulisukuma, tukakata matawi, tukayatandika chini ya magurudumu, likazidi kuzama. Ijumaa saa sita mchana ilinikuta pale pale, matope magotini, barua kavu mfukoni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia yule mama. Nikakaa kando ya barabara nikalia, abiria wenzangu wakidhani ni njaa.

Jumatatu nilimkabidhi Mrisho barua. Aliangalia kalenda ukutani, akaniangalia mimi, akagonga muhuri. Mama Atuganile nilimwambia nimeipeleka. Sikumwambia lini. Kwa wiki tatu alinisalimu kila asubuhi kwa heshima nisiyoistahili.

Jibu lilipokuja alinikuta barazani kwangu, bahasha ikiwa bado imefungwa. Ilikuwa mistari minne ya taipureta. Ombi lilipofika, Gavana alikuwa ameshaamua. Danieli alikuwa amenyongwa siku kumi zilizotangulia.

"Wanasemaje, mwalimu?"

Nikamwambia. Hakupiga ukelele. Alijishusha taratibu, akakaa kwenye saruji, miguu ameinyoosha mbele. Kisha akaichukua karatasi, akaweka kidole chini kabisa, palipoandikwa kwa mkono.

"Na hii ya wino?"

Nilitamani kusema sijui. "Ni bwana wa boma. Anasema barua yetu imeandikwa kwa Kiingereza safi sana. Anampongeza aliyeiandika."

Alifikiri. "Kumbe waliipenda."

"Waliipenda, mama."

"Sasa mbona wamemuua?"

"Ni amri ya Serikali," nikasema.

Akaniamini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ajiinue, na alipokwisha kusimama hakuuachia.

"Ndaga, mwalimu," akasema. "Asante sana. Wewe ulimwombea mwanangu."