Mchoro wa Figo

Katika darasa la watoto arobaini na nane, msichana ambaye wenzake walimwita Profesa ndiye pekee asiyemsumbua mwalimu wa bayolojia. Katika mtihani wa kuchora figo alipata kumi na tisa kati ya ishirini. Alama moja ilikatwa kwa herufi iliyokosewa. Mwalimu akaubandika mchoro wake ukutani.

Baba yake Profesa alikuwa fundi bomba, na figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa kazi. Miguu ilimvimba hata viatu vikakataa kuingia. "Fundi mzima, mabomba yangu mwenyewe yananishinda," alikuwa akitania. Daktari alimkataza kuzidisha vikombe vitatu vya maji kwa siku. Mkewe alikwishafariki, kwa hiyo aliyemuuguza ni bintiye.

Jumatatu moja Profesa hakuonekana shuleni. Mchana, aliposikia baba yake amelazwa, mwalimu akamfuata hospitalini, akamkuta kwenye benchi la korido, bado amevaa ndala za nyumbani.

"Pole, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Maji yamemjaa kifuani. Na nilijitahidi, mwalimu. Jagi asubuhi, jagi mchana, jagi jioni."

"Si daktari alisema vikombe vitatu?"

"Alisema. Lakini bomba likiziba hulipunguzii maji. Unalisukumia mengi mpaka uchafu utoke. Baba mwenyewe ndivyo alivyonifundisha, na alikuwa anakunywa yote."

"Na ule mchoro wako?"

"Ule ni wa mtihani," Profesa alisema kwa upole.

Muuguzi alitoka wodini, hana haraka, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi.

Profesa alilia kwa muda mrefu, kisha akajipangusa kwa kanga. "Nilichelewa kuanza," alisema. "Shangazi naye miguu imeanza kuvimba. Yeye sitamcheleweshea maji."

Mwalimu alimtazama mtoto yule wa miaka kumi na minne. Akimwambia ukweli, atamtwisha kifo cha baba yake. Akinyamaza, kuna shangazi.

"Shangazi apewe maji kama daktari atakavyosema," alisema. "Yasizidi hata tone. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, vizuri kabisa, kama anavyoitikia darasani.