Wageni wa Siku ya Tisa

Jumanne hiyo, saa kumi na moja na nusu jioni, Marlys Haugen alikuwa amesimama jikoni kwake mjini Longmont, Colorado, akikwaruza koliflawa ya pili. Ya kwanza ilikwisha kuwa wali. Hivyo ndivyo ulivyoitwa, wali, ingawa haukuwa na punje hata moja ya mchele, kwa sababu mchele ulikatazwa. Ngano nayo ilikatazwa, na mahindi, na shayiri, na maharagwe ya kila rangi, na maziwa pamoja na watoto wake wote, jibini, siagi na mtindi. Mumewe, Wendell, alikuwa katika siku ya tisa ya siku thelathini za kula kama watu wa kale walivyokula kabla ya kugunduliwa kwa jembe. Jina lake liliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye ubao mweupe wa ukumbi wa mazoezi, na mbele ya jina kulikuwa na alama tisa za vema.

Marlys hakuuona mlo huo kuwa upuuzi. Sukari ya Wendell ilikuwa imeshuka kiasi kwamba muuguzi alimpima mara mbili. Goti lililomsumbua tangu harusi ya dada yake lilinyamaza. Usiku hakukoroma tena, na Marlys alilala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne. Kwa upande mwingine, Wendell alikuwa hajaenda choo kubwa tangu Ijumaa. Na Marlys, ambaye daktari alimwonya kwamba mifupa yake inapungua, alikuwa akinywa maziwa yake kwenye gereji, amesimama kando ya gari, ili asimtie mwenzake majaribuni.

Lakini lililomuuma lilikuwa Jumatano. Kila Jumatano saa kumi na mbili jioni kwaya ya kanisa ilifanya mazoezi ya Pasaka, na mwaka huo, baada ya kusimama safu ya nyuma kwa miaka ishirini na mbili, Marlys alikuwa amepewa solo, sehemu ya kuimba peke yake. Sheria ya Phyllis, mwalimu wa kwaya, ilijulikana na wote: ukikosa mazoezi mara tatu, solo inakwenda kwa mwingine. Marlys alikwisha kukosa mara moja, siku ya tatu ya mlo, kwa sababu ya supu ya mifupa iliyotaka muda wa saa kumi jikoni.

Mlango wa nyuma ukagongwa.

Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa ngozi, wamesimama kwenye zulia la kufutia miguu na kulitumia ipasavyo. Mwanamume alikuwa mfupi na mwenye kifua kipana. Mwanamke alibeba kapu la mizizi.

"Tumesikia harufu ya chakula chetu," mwanamume alisema.

"Karibuni," alisema Marlys. "Mna miaka mingapi?"

"Kama elfu kumi na mbili hivi."

"Basi mmefika kwa wakati. Wendell yuko nje, anachoma nyama."

Wendell alikuwa barazani, mbele ya jiko la gesi, ameshika koleo. Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za mtaa ule, jiko la nje lilikuwa la mume. Mke alinunua nyama, akaikata, akaitia viungo tangu asubuhi, akaibeba hadi nje, mume aliigeuza. Mgeni alisimama kando yake, naye akaangalia nyama ikigeuzwa.

"Siku ya tisa," Wendell alimwambia.

"Hongera," alisema mgeni. "Mimi siku zote."

Wakapatana papo hapo.

Mwanamke alibaki jikoni. Jina lake lilisikika kama mtu anayekohoa mara mbili kwa adabu, na Marlys akalifupisha kuwa Ru. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa hesabu moja angeweza kuwa binti wa Marlys, kwa nyingine alikuwa bibi wa bibi yake, kwa hiyo wakaitana dada. Ru aliosha mikono, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi vitamu bila kuuliza.

Mezani mazungumzo yalikuwa mazuri. Wendell alitaka kuthibitishiwa mambo.

"Nyinyi hamkuwa mkila nafaka, sivyo?"

"Mbegu za nyasi tulikula," alisema mgeni. "Huyu alizisaga."

"Kwenye jiwe," alisema Ru. "Magoti yangu unayaona."

"Hilo halimo katika kitabu cha mlo," alisema Wendell. "Na dengu?"

"Dengu tukizipata, tunakula. Tunakula tunachopata, bwana. Ulitaka tuzirudishe?"

"Lakini mlikuwa na afya."

"Afya sana. Sikuwahi kuwa na kitambi wala sukari. Nilikufa nikiwa na miaka thelathini na mmoja."

"Kwa nini?"

"Jino."

Wendell alilitafakari hilo, akaongeza koliflawa.

Siku iliyofuata, Jumatano, mgeni alileta paa mzima, akamtua sakafuni jikoni, akaenda kukaa na Wendell kutazama mpira wa kikapu. Marlys na Ru walimchuna paa hadi saa mbili usiku. Hiyo ikawa mara ya pili kukosa. Phyllis alipiga simu.

"Marlys, mama, nakupenda, lakini Bonnie anaujua wimbo wote."

"Bonnie anaimba kwa pua, Phyllis."

"Ila anakuja."

Wageni walikuja kila jioni. Majirani waliwapungia mkono. Chama cha wenye nyumba kilituma barua ya heshima kukumbusha kwamba ngozi hazianikwi kwenye ua unaotazama barabara, na ngozi ikahamishiwa upande wa pili. Marlys alihesabu siku. Siku ya thelathini ilikuwa Jumanne kabla ya Pasaka. Angehitaji kuponyoka Jumatano mbili tu, kisha mlo utakwisha na viazi vya kawaida vitarudi duniani.

Siku ya kumi na nne Wendell alikula karanga.

Alizikula kwa mikono miwili, kwenye mchezo wa mpira wa shule, akiamini kabisa kwamba ni ndugu za lozi. Kocha Brody wa ukumbi wa mazoezi, kijana mwenye misuli shingoni, alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee Haugen, karanga ni jamaa ya maharagwe."

"Zina ganda."

"Hata maharagwe yana ganda."

Akachukua kitambaa, akafuta alama zote kumi na nne. Ndiyo sheria ya ukumbi ule: ukiteleza, unaanza moja. Wendell alirudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba *wameanza* upya, na kwamba yeye hana kinyongo.

Kwa hiyo Jumatano ya tatu ilikuwa tena siku ya tatu. Saa kumi na moja na robo Marlys alisimama sebuleni, koti mkononi.

"Wendell, leo pika wewe."

"Mpenzi, nyama naichoma mimi."

"Na vingine?"

Wendell aliwaza kwa uaminifu. "Kikwaruzo kinakaa wapi?"

"Nyama niliileta mimi," mgeni alisema kutoka kwenye kochi, ili ijulikane.

Marlys na Ru wakatazamana. Mtazamo ule haukuhitaji kutafsiriwa, ingawa ulivuka miaka elfu kumi na mbili.

"Nenda, dada," alisema Ru, akiwa tayari ameshika koliflawa. "Nipo."

Marlys akaenda. Aliimba mpaka Phyllis akavua miwani, na Bonnie akarudi safu ya nyuma. Aliporudi, meza ilikuwa imefutwa, na Ru alikuwa kwenye sinki, mikono imezama hadi viwiko. Mashine ya kuoshea vyombo hakuiamini. Wendell alikuwa mchangamfu.

"Umeona? Siyo kazi kubwa. Tumeweza."

Jumatano nyingine ikawa vilevile. Wendell alipungua kilo sita, na muuguzi akampigia makofi. Ukumbini walimpiga picha, mkono mmoja ukivuta kiuno cha suruali ya zamani, wakaibandika ukutani chini ya neno NIDHAMU.

Siku ya Pasaka Marlys aliimba solo yake. Sauti yake ilipanda hadi kwenye boriti, ikakaa hapo kidogo, ikashuka yenyewe. Wendell alilia. Mgeni alikaa kando yake, amevaa koti la kuazima, akalia pia. Kiti cha Ru hakikuwa na mtu. Watu kumi na mmoja walikuwa wamealikwa chakula cha mchana, na mwanakondoo hawezi kujipika.

Baadaye, wanaume wakiwa barazani wakilinganisha viuno, Marlys alifunga aproni juu ya gauni lake la Pasaka, akachukua kitambaa kikavu, akasimama kando ya sinki.

"Ru, wewe ukiwa hapa, kwenu anapika nani?"

"Binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Anaweza?"

"Anasaga vizuri. Jioni wenzake wanapiga filimbi za mfupa mtoni. Yeye ndiye alikuwa hodari wao." Ru alisuuza sahani, akampa. "Sasa huwa anawasikia kutoka jikoni."

Marlys aliifuta sahani pande zote mbili, akaiweka kabatini. Kisha akanyoosha mkono kupokea nyingine.

"Jumatano una nafasi?" aliuliza. "Phyllis anataka tuanze nyimbo za Pentekoste."

"Nipo," alisema Ru.