Marahaba ya Pili

Mtaa mzima ulimwita binti yangu Adabu. Ana miaka saba, na kila mkubwa aliyepita mbele ya cherehani yangu alipewa shikamoo yake. Wateja wakanisifu: umelea, mama. Nami, mjinga wa kutupwa, nikavimba kichwa.

Kumbe mtoto anaumwa. Akijibiwa marahaba isiyomkaa sawa sikioni, anarudia. Anarudia mpaka mate yanamkauka, maana ndani kuna kitu kinamwambia: isipojibiwa vizuri, mama atakufa. Shuleni akawa anakosa masomo kwa kumng'ang'ania mlinzi getini.

“Si adabu hiyo, wala si mashetani,” daktari alisema. “Ni ugonjwa wa wasiwasi, na wengine unawaanza utotoni hivi. Kila ukimjibu tena, unaulisha. Jibu mara moja, halafu nyamaza. Hofu itapanda, itamtesa, kisha itashuka yenyewe. Akiona imeshuka na wewe bado uko hai, ataanza kupona.”

Kusema rahisi. Siku za kwanza alining'ang'ania sketi akilia, nami nimekazia macho sindano, machozi yananidondokea kwenye gauni la mteja. Lakini ilishuka kweli. Akaanza kusalimia mara moja na kwenda zake kucheza.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea.

“Mtoto anakusalimia, unamnunia?” Nikamweleza taratibu, yote aliyosema daktari. Sikio la kufa halisikii dawa. Akamvuta mjukuu wake mapajani. “Marahaba, mke mwenzangu. Marahaba tena. Marahaba hata mia.”

Wiki haikuisha, mtoto akarudi kule kule, na zaidi. Nikamwambia mume wangu azungumze na mama yake. Akajikuna kichwa. “Mama ni mama,” akasema. Wakakubaliana bila mimi: mtoto akakae kwa bibi yake, apumzike na ukali wangu.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kuniaga, begi mgongoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Haikumkaa sawa. Nilimwona anameza mate.

“Shikamoo, mama.”

Nikanyamaza. Moyo ulikuwa unanichanika, lakini nikanyamaza, maana hapakuwa na mwingine wa kumtibu.

Bibi yake akaitikia kwa niaba yangu. Mtoto akashusha pumzi, akanishika mkono kwa huruma.

“Pole, mama,” akasema. “Bibi ameniambia wewe ndiye unayeumwa.”