Dawa Tayari

Shemeji alinipiga kichwa cha pua kabla hata ya salamu. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kula, nami nilikuwa peke yangu maabara nikiosha vyombo. Nikaanguka chali kati ya sinki na kabati la kukaushia, damu ikanijaa mdomoni, na cha kwanza nilichowaza ni kwamba koti langu jeupe limeharibika. Ndivyo nilivyo.

"Dawa iko wapi?" akauliza.

"Dawa gani, we mwendawazimu?"

"Ya uyoga! Mke wangu anakufa, na wewe dada yake unamfichia!"

Mke wake ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, wa aina mbaya, na hospitali walishampangia kuanza dripu. Hakwenda. Aliwaona wagonjwa walionyonyoka nywele, akaogopa. Mumewe, badala ya kumshika mkono ampeleke, akamjaza ujinga: uteseke kwa nini wakati dada yako anapika tiba?

Kupika tunapika, sikatai. Kazi yetu ni uyoga fulani mgumu kama gome, unaoota kwenye magogo. Tunausaga, tunauloweka, tunauchuja, kisha tunakausha yale maji hadi ubaki ute mweusi, mchungu kupita kiasi. Ute huo tukiudondosha kwenye kisahani chenye seli za uvimbe, seli zinajikunja na kufa. Siku ya kwanza kuliona hilo nilipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio. Lakini kisahani si mtu. Hata jiki inaua seli kwenye kisahani. Mkuu wetu, tuliyembandika jina la Bwana Bado kwa sababu hana jibu jingine, alitupiga marufuku kuuita ute ule dawa mpaka umponye mtu. Basi tukauita mchuzi.

Dawa kwetu ilikuwa kitu kingine kabisa: methanoli, ile spiriti kali ya kulowekea. Ongeza dawa, dawa imepungua, funika dawa isiruke. Tulisema hivyo kama mtu anavyosema dawa ya viatu au dawa ya panya. Na chupa ikishatiwa unga wa uyoga na methanoli, tuliiandika ubavuni kwa kalamu nene: UYOGA, DAWA TAYARI. Yaani spiriti imeshamiminwa, asije mwingine akaongeza.

Shemeji akaiona juu ya rafu, maji ya kahawia, unga umetulia chini. Akasoma kwa sauti, kisha akanigeukia macho yamemtoka.

"Tayari! Imeandikwa tayari, na sisi kila siku unatuambia bado!"

Nikamrukia. Sikupigana kistaarabu, nilimng'ata mkono hadi meno yakagota kwenye mfupa. Akapiga ukelele, akanibamiza ukutani.

"Usimpe!" nikapayuka. "Hiyo ni dawa! Itamuua!"

"Ndiyo, ni dawa! Najua ni dawa!"

Neno sumu hata mtoto analijua. Lakini ulimi ulitoa lile ulilolizoea. Akakumbatia chupa, akatoka, akauvuta mlango wa chuma kwa nguvu zake zote. Vidole vyangu vilikuwa bado vimeshika fremu. Nilivisikia vikivunjika kabla sijasikia maumivu.

Yeye alikuwa na pikipiki, mimi nilikuwa na miguu. Nilikimbia hadi kwao, nyuma ya karakana za kuchomelea, mkono nimeuzungushia koti, watu wakinipisha njia. Mlango ulikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, kikombe kimemfika mdomoni, shemeji kasimama kando yake na chupa.

Safari hii sikupoteza maneno. Nilimzaba kibao, mgonjwa, damu yangu mwenyewe, kikombe kikaruka na kupasukia ukutani. Akanivamia kwa kucha.

"Dada una roho mbaya! Unataka nife!"

"Umemeza?" Nilimkaba taya. "Nijibu, umemeza?"

Hakuwa amemeza. Ilimchoma midomo, akasita. Nikakaa sakafuni juu ya vigae vya kikombe.

"Ni sumu," nikasema. "Ile ni sumu."

Shemeji akacheka. "Sasa imekuwa sumu? Haya, tazama."

Akainua chupa. Nilijaribu kumpokonya kwa mkono mzima, akanipiga teke la tumbo, akaendelea kunywa, mafunda makubwa, akinikazia macho. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mbona sijafa?"

Methanoli haina haraka. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ileile iliyomo ndani ya sisimizi, na asidi hiyo huanza na macho. Nilimweleza yote hayo huku nikitapika. Nilimwomba twende hospitali, akatutoa nje mimi na mkewe kwa fimbo ya pazia, akajifungia. Tuligonga usiku kucha, majirani wakasema ni ugomvi wa ndoa. Asubuhi tulimsikia akimtukana mke wake kwamba ameziba madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Tulivunja mlango, majirani wakambeba akirusha mateke. Madaktari waliokoa uhai wake. Macho hawakuyaweza.

Mdogo wangu alianza dripu wiki hiyohiyo. Nywele hazikumtisha tena. Alimwongoza mumewe kwa mkono hadi wodini, akamkalisha kando ya kitanda, mimi nikakaa upande wa pili nisimtazame. Nesi akaja na mfuko wake.

"Haya mama, tunaanza dawa."

Shemeji aliruka kutoka kitini, akarusha ngumi kuelekea ile sauti. Ilimpata nesi begani, stendi ya dripu ikaanguka kwa kishindo.

"Msimpe! Msimpe dawa!"

Nilimkunja kola, nikamrudisha kitini, nikamkandamiza kifua kwa goti. Nilitamani kumvunja shingo, sisemi uongo. Alikuwa analia, na yale macho yalikuwa yananitafuta mahali nisipokuwepo.

"Inaitwaje?" akasema. "Shemeji, niambie jina lake. Jina lake lenyewe."

"Doksorubisini."

"Doksoru..."

"Doksorubisini. Sema."

Akakosea, nikamrudisha mwanzo. Nesi alisubiri akijisugua bega. Mdogo wangu alikuwa ameshakunja mkono wa gauni. Shemeji alipolitamka lote sawasawa, nikamwachia kola, nikamwambia nesi aendelee.